Salamu ya Spock: Baraka ya makuhani wa Kiyahudi iliyoingia kwenye televisheni

Kiganja cha mkono wa kulia huinuliwa na vidole hutenganishwa katika mafungu mawili: kidole cha shahada na cha kati upande mmoja, cha pete na kidogo upande wa pili, huku kidole gumba kikinyooshwa kando. Kwa mamilioni ya watazamaji wa tamthilia ya Kimarekani ya Star Trek, hiyo ni salamu ya Wavulcan, viumbe wa sayari ya mbali wanaoongozwa na mantiki badala ya hisia. Hata hivyo, ishara hiyo haikubuniwa na waandishi wa hadithi za anga. Ilitoka katika sinagogi mjini Boston, na aliyeichukua humo alikuwa mtoto aliyekatazwa kuitazama.

Mtoto huyo ni Leonard Nimoy, mwigizaji aliyekuja kujulikana duniani kwa jina la Spock. Alizaliwa Boston mwaka 1931, mwana wa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Iziaslav, mji ulioko leo nchini Ukraine. Alisimulia mara nyingi kwamba, akiwa na umri wa miaka minane hivi, alikuwa ameketi sinagogini pamoja na babu yake, baba yake na kaka yake wakati wanaume kadhaa walipojitokeza mbele, wakajifunika shali za sala na kuanza kupaza sauti kwa shauku kubwa. Baba yake alimwonya asitazame. Waumini wote walikuwa wamefumba macho, wamefunika nyuso au wamegeuka. Nimoy alichungulia, akaona mikono ikiinuka na vidole vikiwa vimeachana. Baadaye alijizoeza mpaka vidole vyake vikatii.

Alichokiona ni Baraka ya Makuhani. Maneno yake yamo katika kitabu cha Hesabu, sura ya 6, aya ya 24 hadi 26, ambamo Haruni na wanawe wanaagizwa namna ya kuwabariki wana wa Israeli. Kwa Kiebrania ni maneno 15 tu, yaliyopangwa katika sentensi tatu zinazorefuka: maneno matatu, kisha matano, kisha saba. Ukale wake si wa kudhaniwa. Mwaka 1979, katika makaburi ya Ketef Hinnom mjini Jerusalem, kikosi cha mwanaakiolojia Gabriel Barkay kilipata vikaratasi viwili vidogo vya fedha vilivyokunjwa, vyenye maneno yanayofanana na baraka hiyo. Wataalamu wengi huvihesabu kuwa vya karne ya saba au ya sita kabla ya Kristo.

Wanaoitamka ni wale tu wanaohesabiwa kuwa wazawa wa Haruni kwa upande wa baba. Kabla ya kuanza huvua viatu, na Walawi huwanawisha mikono. Kisha hujifunika shali kichwani, mikono ikiwa ndani yake. Umbo la vidole huelezwa kwa njia mbili. Wapo wanaoliona kuwa herufi ya Kiebrania *shin*, yenye vishina vitatu, ambayo ni mwanzo wa Shaddai, jina la Mungu Mwenyezi. Wengine huhesabu nafasi zilizobaki baina ya vidole vya mikono yote miwili na kuzifananisha na dirisha la kimiani ambalo, katika Wimbo Ulio Bora, mpendwa huchungulia kupitia humo. Kwa maelezo haya, mkono wa kuhani si chanzo cha baraka bali ni tundu tu ambamo baraka hupita.

Hapo ndipo ilipo sababu ya kutotazama. Talmud inaonya kwamba anayewatazama makuhani wakati wa baraka macho yake hufifia. Mishna, iliyo ya kale zaidi, inashughulika na jambo la kawaida kabisa: kuhani mwenye kasoro mikononi asiinue mikono, na Rabi Yehuda anaongeza kwamba hata yule ambaye mikono yake imepakwa rangi asiinue, kwa kuwa watu watamkodolea macho. Kwa maneno mengine, hofu haikuwa ya miujiza pekee. Walimu wa zamani walijua jinsi jicho linavyoweza kumwibia mtu sala yake.

Star Trek ilianza kuonyeshwa Septemba 1966. Ilikuwa na desturi ya kuazima kutoka pembe nyingi za dunia, na wasomaji wetu watatambua mojawapo: jina la Luteni Uhura, aliyeigizwa na Nichelle Nichols, lilitokana na neno la Kiswahili *uhuru*, kupitia riwaya ya Robert Ruark yenye jina hilo na inayohusu Kenya. Mwaka uliofuata, katika kipindi kilichofungua msimu wa pili, Spock alirudi katika sayari yake kwa ajili ya ndoa. Ilikuwa mara ya kwanza watazamaji kuwaona Wavulcan wengine. Nimoy alihisi kwamba watu wa jamii moja hawawezi kukutana bila salamu yao, kama wengine wanavyopeana mikono au kuinamiana, akapendekeza ile ishara ya sinagogini. Mwongozaji, Joseph Pevney, alikubali. Mwigizaji Celia Lovsky, aliyecheza kiongozi wa Wavulcan, alishindwa kuitoa. Ilimbidi apange vidole vyake mkono ukiwa nje ya picha, kisha auinue.

Salamu hiyo iliambatana na maneno ya kumtakia mtu maisha marefu na ufanisi, kwa hiyo roho ya baraka haikupotea hata pale jina la Mungu lilipoachwa. Nimoy mwenyewe alifurahia kusema kwamba watu hubarikiana mitaani pasipo kujua. Mwaka 2002 alichapisha kitabu cha picha kiitwacho *Shekhina*, kuhusu uwepo wa Mungu katika mapokeo ya Kiyahudi, uwepo uleule ambao waumini hufumba macho mbele yake. Ni vigumu kumwona mtu huyo kama mporaji wa kitu kitakatifu.

Ishara iliingizwa miongoni mwa alama za mawasiliano ya kompyuta na simu mwaka 2014. Nimoy alipofariki Februari 2015, akiwa na umri wa miaka 83, mwanaanga Terry Virts alituma picha ya mkono wake ukitoa salamu hiyo kutoka kituo cha kimataifa cha anga za juu, chombo kikipita juu ya Boston.

Nchini Israeli baraka hiyo husomwa kila siku katika masinagogi mengi. Kwa Waashkenazi walio nje ya nchi hiyo husubiriwa hadi sikukuu. Kila inaposomwa, wapo akina baba wanaowavuta watoto wao chini ya shali na kuwafunika nyuso.