Kufungiwa leseni ya udereva kwa kosa la ulevi (Kenya)

Kufungiwa leseni kwa kosa la ulevi ni amri ya mahakama inayomkataza mtu kuendesha gari kwa muda baada ya kupatikana na hatia ya kuendesha akiwa amelewa. Nchini Kenya amri hii hutokana na kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki (Sura ya 403). Muda wake wa kawaida ni miezi 12, na hakimu anaweza kuurefusha. Huambatana na adhabu nyingine: faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Anayetaka kuokoa leseni yake hupambana na shtaka mbele ya hakimu, na akishindwa hupeleka rufaa Mahakama Kuu. Makala haya yanaifuata njia hiyo kwa jicho la dereva wa Kitisuru, mtaa wa magharibi mwa Nairobi.

Kitisuru ni wadi mojawapo kati ya tano za eneo bunge la Westlands. Nyingine ni Karura, Kangemi, Mountain View na Parklands/Highridge. Mkazi anayetoka kustarehe Westlands hana njia nyingi za kufika nyumbani. Hushika Peponi Road au Lower Kabete Road, na polisi wa trafiki wanazifahamu barabara hizo kama wanavyofahamu saa ambazo baa hufunga. Wengi wanaoshika usukani katika mtaa huu si wenye magari. Ni madereva walioajiriwa, na kwao leseni ndiyo cheti cha kazi. Mwaka mmoja bila leseni humtia mwajiri katika usumbufu wa kutafuta dereva mwingine, lakini aliyeajiriwa humwondolea mshahara.

Kukamatwa hakufungi leseni

Kosa la kwanza la wengi ni kuamini kwamba leseni imekwisha kupotea pale kwenye kizuizi cha polisi. Dhana hiyo hutiwa nguvu na masimulizi ya jamaa walioko Marekani, ambako majimbo mengi huruhusu mamlaka ya leseni kumsimamisha dereva kwa sababu tu amekamatwa au amekataa kupimwa, hata kabla ya kesi kusikilizwa. California, kwa mfano, humpa dereva siku 10 za kuomba kusikilizwa na idara ya magari, la sivyo usimamishaji unaanza kufanya kazi wenyewe. Kenya haikufuata mkondo huo. Chini ya kifungu cha 44 adhabu ya kufungiwa leseni hufuata hatia, na hatia hutamkwa na mahakama. Afisa aliyekusimamisha Lower Kabete Road hana mamlaka ya kukufungia leseni, na hata ofisa mkuu wa kituo hana.

Kati ya kukamatwa na kusomewa shtaka, dereva analindwa na Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010. Anapaswa kufikishwa mahakamani mapema iwezekanavyo, na si baada ya saa 24. Saa hizo zikiishia wakati mahakama haiketi, muda husogea hadi mwisho wa siku inayofuata ya mahakama, na ndiyo maana anayekamatwa Ijumaa usiku huweza kujikuta akingoja Jumatatu. Ana haki ya kuambiwa sababu ya kukamatwa kwa lugha anayoielewa, ya kunyamaza, ya kuzungumza na wakili, na ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya haki. Pesa taslimu za dhamana zinazotolewa kituoni ni amana, na lazima zitolewe risiti. Anayelipa bila risiti hana cha kuonyesha mbele ya karani wa mahakama, na pesa zake hazitajulikana zilikokwenda.

Kipimo cha pumzi na hukumu ya 2017

Kifaa cha kupima pumzi, kinachojulikana na Wakenya kwa jina la Alcoblow, kilirudishwa barabarani kwa kishindo Desemba 2013. Msingi wake ulikuwa kanuni za kipimo cha pumzi za 2011, zilizoweka kiwango cha mikrogramu 35 za pombe katika mililita 100 za pumzi, kiwango kilekile kinachotumika Uingereza. Chini ya kanuni hizo, kuvuka namba hiyo kulikuwa kosa peke yake. Mtu alipuliza, kifaa kikasoma, na asubuhi akaamkia kizimbani.

Januari 2017 Mahakama ya Rufaa iliubomoa msingi huo. Katika shauri lililofunguliwa na raia, akiwemo mwenye baa, majaji walisema kanuni haziwezi kuunda kosa linalotofautiana na lile lililowekwa na Bunge katika sheria mama. Na sheria mama haitaji mikrogramu. Kifungu cha 44 kinamtia hatiani mtu aliye chini ya nguvu ya kileo au dawa ya kulevya kiasi cha kushindwa kulimudu gari ipasavyo. Siku ile magazeti mengi yaliandika kwamba Alcoblow imeharamishwa, na hadi leo wapo madereva wanaoshikilia hivyo. Walichoamua majaji kilikuwa na mipaka: polisi wanaweza kuendelea kutumia kifaa, ila mshtakiwa afunguliwe shtaka la kifungu cha 44, na kusoma kwa kifaa kuwe sehemu tu ya ushahidi.

Kwa anayepigania leseni yake, tofauti hiyo ni kubwa. Upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha bila shaka yoyote ya maana kwamba mshtakiwa aliendesha, alijaribu kuendesha au alikuwa msimamizi wa gari. Kwamba gari lilikuwa kwenye barabara au mahali pengine pa umma. Kwamba alikuwa amelewa. Na kwamba ulevi huo ulimfanya asiweze kulimudu gari. Namba ya kifaa hugusa sehemu ya tatu. Ya nne inataka macho ya shahidi: gari liliyumba? Liligonga ukingo wa barabara? Dereva alishuka akashindwa kusimama? Afisa asiyeeleza mahakamani jinsi gari lilivyoendeshwa, akatoa karatasi ya kifaa peke yake, ameiacha kesi yake ikining'inia.

Maswali ya wakili huanzia hapo. Nani alikitumia kifaa, na alifundishwa lini? Mara ya mwisho kilikaguliwa lini? Mdomo wa kupulizia ulibadilishwa? Ulipita muda gani kati ya kusimamishwa na kupimwa? Je, daktari alimwona mshtakiwa usiku ule, na aliandika nini? Ibara ya 50 inampa mshtakiwa haki ya kuujua mapema ushahidi utakaotumiwa dhidi yake. Kwa hiyo taarifa za mashahidi, nakala ya kitabu cha matukio cha kituo na matokeo ya kipimo huombwa kwa maandishi kabla ya siku ya kusikilizwa.

Kuna jambo moja linaloihusu Kitisuru zaidi ya mitaa mingi ya Nairobi. Mtaa umejaa njia zenye vizuizi na askari wa lango, nyingine zikiishia kwenye ua wa nyumba chache. Sheria ya Trafiki inaieleza barabara kwa upana, ikijumuisha hata maegesho ya magari, lakini kwa sharti kwamba umma unaweza kuingia. Njia ambayo kila mgeni hufunguliwa akishaandika jina langoni haiwi ya faragha kwa sababu tu ina kizuizi. Ua wa nyumba ya mtu uliofungwa ni habari nyingine. Dereva aliyekutwa amelala ndani ya gari lililozimwa ana hoja tofauti: hakuwa akiendesha, na swali linakuwa kama alikuwa msimamizi wa gari. Mahali funguo zilipokuwa, kiti alichokalia, na kama kuna mtu aliyeitwa kuja kumchukua, yote yana uzito.

Neno "ni kweli"

Leseni nyingi hupotea asubuhi ya kwanza, kabla ya shahidi yeyote kupanda kizimbani. Mtu amelala seli, nguo zinanuka, simu imezimika, mwajiri hajui aliko. Mahakamani anasikia kutoka kwa wenzake kwenye foleni kwamba ukikiri unalipa faini na kwenda nyumbani. Shtaka linasomwa, anajibu "ni kweli", na mambo yanaisha kwa dakika chache. Faini anaitarajia. Kufungiwa leseni hakuambiwa na mtu, na hakimu anapotamka miezi 12 ndipo anapoelewa alichokiri. Kwa maoni ya mwandishi, mahakama inapaswa kumweleza kila mshtakiwa asiye na wakili, kabla hajajibu, kwamba leseni yake iko hatarini. Pombe barabarani inaua, na wanaozikwa kwa sababu yake ni watoto wa watu. Lakini adhabu ina haki ya kutolewa kwa mtu aliyejua anajibu nini.

Utaratibu wa kupokea jibu la mshtakiwa uliwekwa wazi na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1973 katika hukumu ya Adan dhidi ya Jamhuri, ambayo mahakimu wa Kenya huifuata hadi leo. Shtaka lisomwe na kuelezwa kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa. Maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema. Akikiri, mwendesha mashtaka aeleze ukweli wa tukio, na mshtakiwa aulizwe kama anaukubali. Akipinga jambo la msingi au akitoa maelezo yanayoonyesha hana hatia, hakimu aandike kwamba amekana. Anayesema "ni kweli nilikunywa, lakini niliendesha vizuri" hajakiri kosa la kifungu cha 44. Kumbukumbu za mahakama zikionyesha kwamba hatua mojawapo ilirukwa, hatia yenyewe inaweza kubatilishwa, na leseni ikarudi pamoja nayo. Mshtakiwa pia anaweza kuomba kubadili jibu lake mradi adhabu haijatamkwa.

Njia ya katikati ni makubaliano na upande wa mashtaka, ambayo Kanuni ya Taratibu za Kesi za Jinai (Sura ya 75) inayaruhusu. Mshtakiwa anaweza kukubali kosa dogo, kwa mfano kuendesha bila uangalifu chini ya kifungu cha 49, nalo la ulevi likaondolewa. Mwendesha mashtaka hukubali zaidi pale ushahidi wa kushindwa kulimudu gari ulipo mwembamba na hakuna aliyeumia.

Rufaa

Baada ya hukumu, siku ni 14. Ndizo zilizowekwa na Sura ya 75 za kupeleka rufaa Mahakama Kuu, na kuchelewa kunahitaji ruhusa yenye sababu nzuri. Jambo la kwanza ni kuomba nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu siku hiyohiyo, kwa maandishi. Kwa wakazi wa Kitisuru wanaoshtakiwa Milimani rufaa husikilizwa Nairobi, na tangu Julai 2020 nyaraka za mahakama za jiji huwasilishwa kwa mtandao.

Aliyekana shtaka na kushindwa anaweza kupinga hatia pamoja na adhabu. Jaji wa rufaa ya kwanza ana wajibu wa kuupima upya ushahidi wote na kufikia uamuzi wake mwenyewe, akikumbuka kwamba hakuwaona mashahidi. Ndiyo kanuni ya Okeno dhidi ya Jamhuri ya 1972. Aliyekiri amefungiwa mlango huo. Anaweza kuhoji uhalali au ukubwa wa adhabu tu, au kuonyesha kwamba kukiri kwake hakukuwa kukiri kamili. Kasoro ya wazi kwenye kumbukumbu inaweza pia kupelekwa Mahakama Kuu kwa njia ya mapitio.

Kupeleka rufaa hakurudishi leseni mfukoni. Dereva huendelea kufungiwa mpaka mahakama iseme vinginevyo, kwa hiyo rufaa huambatanishwa na ombi la kusimamisha utekelezaji wa adhabu, na ombi hilo litaje amri ya leseni kwa jina lake. Wapo waliopata dhamana wakisubiri rufaa wakadhani wameruhusiwa pia kuendesha. Hawakuruhusiwa, na kukutwa kwenye usukani kipindi hicho ni kosa jipya. Tena rufaa dhidi ya adhabu ina makali pande mbili: Mahakama Kuu inaweza kuipunguza adhabu, na inaweza kuiongeza. Aliyepewa faini ndogo na miezi 12 afikiri na wakili wake kabla ya kuliamsha faili.

Hoja ya riziki, kwamba mshtakiwa ni dereva wa kuajiriwa na ana watoto shuleni, ina nafasi yake hakimu anapopima faini na anapoamua kama aongeze muda juu ya miezi 12. Haifuti hatia. Inapata nguvu zaidi ikiletwa na barua ya mwajiri na rekodi safi ya miaka ya nyuma kuliko ikisemwa kwa mdomo wa kizimbani. Asiye na uwezo wa wakili anaweza kuomba msaada kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa na sheria ya 2016.

Pale ajali ilipoua mtu

Kesi hubadilika kabisa kukiwa na maiti. Kifungu cha 46, kinachohusu kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, kina kifungo cha hadi miaka 10, na mahakama hufuta leseni na kumzuia mkosaji kupata nyingine kwa miaka 3. Muda huo huanza kuhesabiwa siku ya hukumu au siku ya kumaliza kifungo, ile itakayochelewa. Hapa hoja ya leseni huwa ya mwisho kutajwa.

Uamuzi wa NTSA

Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA), iliyoundwa na sheria ya 2012, ina mamlaka yake ya utoaji wa leseni, na yanawagusa zaidi wenye magari ya abiria na makampuni yao. Uamuzi wake haupelekwi kwa hakimu wa trafiki. Hukatiwa rufaa katika Bodi ya Rufaa ya Leseni za Uchukuzi, ambayo ilianzishwa na sheria hiyohiyo. Ibara ya 47 ya Katiba inataka anayechukuliwa hatua na ofisi ya umma apewe sababu kwa maandishi, kwa hiyo dereva wa matatu anayepokea taarifa ya kusimamishwa isiyotaja sababu ana hoja ya kwanza mkononi kabla hajafungua faili la kesi ya ulevi yenyewe.