Mtoto wa Askari ni wa Nani?

Ukikaa barazani na wazee wa Lupaso, au ukipanda juu kule Newala, utasikia ukoo ukihesabiwa kwa mama. Wamakua, Wayao na Wamakonde ndivyo walivyorithi: mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Kwa hiyo mtoto aliyeachwa na mpita njia hakukosa kwao. Baba hajulikani? Haidhuru, mjomba yupo.

Lakini karatasi haina mjomba bwana! Fomu ya shule, hati ya askari, daftari la polisi, zote zinauliza jina la baba. Na hapo ndipo kijana anayemtafuta babu yake aliyezaliwa nje ya ndoa anapokwama. Mimi nasema anakwama kwa sababu anashika ncha isiyo yake.

Nichukue mfano mmoja. Oktoba 1917 vita vya Wazungu vilifika Mahiwa, kwenye njia ya Lindi kwenda Masasi. Kwa siku nne, tarehe 15 hadi 18, Waafrika wa upande wa Mjerumani na Waafrika wa upande wa Mwingereza, wakiwemo Wanigeria, waliuana kwa ugomvi wasioujua. Mwezi uliofuata von Lettow-Vorbeck akavuka Ruvuma na kuingia Msumbiji. Jeshi popote lipitapo huacha makaburi, na tusifichane, huacha na watoto.

Mmoja wa majeruhi wa Mahiwa alikuwa mvulana wa miaka 13. Jina lake Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, 1904. Baba yake alikuwa askari wa Kisudani katika jeshi la Mjerumani, naye mwana akaingizwa jeshini akiwa na miaka kumi tu. Waingereza wakamchukua mateka.

Vita vikaisha, Mjerumani akaondoka, mishahara haikulipwa. Mahjub akafanya kazi melini, na mwaka 1929 akatua Berlin kudai chake na cha baba yake. Wizara ya Mambo ya Nje ikamjibu kwamba amechelewa. Eti amechelewa! Akabaki huko, sasa akijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Akawa mhudumu wa mkahawa, akasaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza katika filamu zaidi ya ishirini. Aliomba nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele, akanyimwa kwa ajili ya rangi yake.

Sasa angalia jambo hili, ndugu msomaji. Dai la mshahara, ombi la nishani, barua za kukataa: ndizo zilizotuhifadhia maisha yake. Hifadhi ya jeshi kule Potsdam iliteketezwa kwa mabomu Aprili 1945, na majina mengi ya askari yakaenda na moshi. Husen hakupotea, kwa kuwa alisumbua ofisi. Aliyenyamaza hana faili.

Tarehe 27 Januari 1933, siku tatu kabla ya Hitler kushika serikali, Husen alimwoa Maria Schwandner. Mwaka huohuo alikuwa na mtoto mwingine kwa mwanamke mwingine, Lotta Holzkamp. Mtoto huyo aliitwa Heinz Bodo. Ungemtafuta wapi? Kwa sheria ya Ujerumani ya siku zile, mtoto wa nje ya ndoa alichukua jina la ukoo wa mama yake. Ukishikilia Husen peke yake, mtoto anaweza kukuponyoka mkononi. Mfuate Lotta ndipo utampata. Na aliyempokea nyumbani ni mwanamke pia: Maria, mke wa ndoa.

Mwisho wao unauma. Mwaka 1941 Husen alishitakiwa kwa polisi wa siri kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu. Akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi, akafa huko tarehe 24 Novemba 1944. Bodo naye hakufikia utu uzima. Mwaka 2007 jiwe dogo la kumbukumbu liliwekwa mbele ya nyumba aliyokaa, Brunnenstraße 193, na mwaka huohuo Marianne Bechhaus-Gerst akatoa kitabu cha maisha yake, kilichojengwa juu ya mafaili yaleyale yaliyomkatalia.

Basi, wewe unayetaka kuandika habari za babu yako asiye na baba, usianzie kwa baba. Anza na bibi: jina lake, ukoo wake, kijiji alichokuwa jeshi lilipopita, mjomba aliyemlea mtoto. Ukishapata hayo ndipo uende misheni ukaombe daftari la ubatizo, maana padri aliandika jina la mama pia. Kisha nenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ukatafute palipo na dai, adhabu, ugonjwa au mshahara. Ofisi humkumbuka mtu pale alipoigharimu.

Wazee wa Lupaso hawakusoma uhifadhi wa nyaraka. Lakini walijua kwamba baba anaweza kuwa jeshi lililopita, na mama hapiti. Tumewacheka sana kwa hilo mjini. Kumbe walikuwa wametushikia ncha ya uzi.