Nani Anashika Ufunguo wa Duka?

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa, kazi ilinibana. Leo sitaandika juu ya programu wala seva. Nataka tuangalie historia kidogo, kwa sababu ya swali nililoulizwa Jumapili iliyopita nikiwa Kayole kwa shangazi yangu.

Shangazi hushona mapazia. Miaka kadhaa iliyopita mimi ndiye niliyemfungulia duka kwenye jukwaa moja la mtandaoni (jina silitaji). Nilikuwa nimemaliza chuo juzi juzi, digrii ya kompyuta iko mkononi, najiona mjanja. Nilipima kasi ya kurasa, nikaangalia kama picha zinaonekana vizuri kwenye simu ndogo, nikaridhika. Masharti nilibonyeza "Nakubali" bila kuyasoma. Baadaye malipo yakaanza kuchelewa, yakakoma, na mwishowe tovuti yenyewe ikazimika. Shilingi 31,000 za shangazi zilizama nayo, na namba za wateja wake hakuwa nazo hata moja kwa sababu jukwaa lilizificha.

Sasa jukwaa jingine linamwita, naye anataka kuchukua mkopo wa chama anunue vitambaa. Akaniuliza: "Mwanangu, wewe ndiye umesomea mambo haya. Hawa nao wakifunga, pesa za akina mama nitazilipa na nini?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma, na haya ndiyo niliyokusanya.

KIBANDA KILIKUWA NA HATARI ZAKE

Tusidanganyane kwamba kabla ya intaneti mambo yalikuwa salama. Mtu wa Eastlands anajua biashara ni kukaa juu ya ardhi ya mwingine. Mwaka wa 2008 soko la Muthurwa lilifunguliwa ili wachuuzi watoke katikati ya jiji, na wengi wakalalamika kwamba wateja hawakuwafuata huko. Gikomba imeungua mara nyingi. Moto wa Juni 2018 peke yake uliua watu 15.

Lakini tazama alichobaki nacho mwenye kibanda baada ya moto. Pesa za jana alikuwa amezifunga kwenye leso au ziko kwenye simu. Wateja anawajua kwa sura, nao wanamjua kwa jina. Akihamia kona nyingine watamwuliza jirani, watampata. Kilichoungua ni bidhaa. Mambo hayo mawili, pesa na wateja, yashikeni vizuri kwa sababu ndiyo nitakayoyafuata mpaka mwisho.

PESA ZILIFIKA KABLA YA DUKA

M-Pesa ilianza Machi 2007. Mimi nilikuwa darasa la nne huko Umoja, na ninachokumbuka ni foleni kwa wakala. Mwaka wa 2009 nyaya za chini ya bahari zikafika Mombasa, SEACOM na TEAMS, na intaneti ikaanza kushuka bei. Mwanzoni mwa Januari mwaka huo huo Rais Mwai Kibaki alitia saini mabadiliko ya sheria ya mawasiliano. Wengi wanayakumbuka kwa sababu vyombo vya habari viliyapinga, lakini ndani yake kulikuwa na jambo la maana kwetu: rekodi na saini za kielektroniki zilitambuliwa kisheria.

Kwa hiyo kufikia mwaka wa 2010 Kenya ilikuwa na njia ya kulipa, waya wa kupitisha data na sheria ya kuanzia. Kilichokosekana ni maduka yenyewe. Wa kwanza kuja walikuwa wa orodha na matangazo. Mocality, iliyokuwa chini ya kampuni ya Naspers ya Afrika Kusini, iliwalipa watu kwa M-Pesa wazunguke mitaani wakiandikisha biashara ndogo ndogo. Ni kazi ya miguu hiyo!

Januari 2012 Mocality ikatangaza hadharani kwamba watu waliokuwa wakifanya kazi ya Google walikuwa wakichota orodha yake na kuwapigia wenye biashara ili kuwauzia tovuti, wakidai kwamba kampuni hizo mbili zinashirikiana. Google iliomba radhi. Mwaka uliofuata Mocality ikafungwa.

Katika habari hiyo mimi nilijifunza kwamba orodha ya wenye biashara ilikuwa na thamani kubwa kiasi cha kugombaniwa na kampuni za kimataifa, na wakati huo Kenya haikuwa na sheria ya kulinda data. Hiyo ilikuja Novemba 2019.

WENYE MITAJI WAINGIA

Jumia ilizaliwa Lagos mwaka wa 2012 na kufika Kenya mwaka uliofuata. Mwaka huo huo Safaricom ilianzisha Lipa na M-Pesa, na Copia nayo ikaanza kupeleka bidhaa vijijini na viungani mwa miji kupitia mawakala. Kilimall ilifuata mwaka wa 2014. Novemba 2017 Safaricom yenyewe ikafungua Masoko. Mabango yalijaa Jogoo Road, na sisi tuliokuwa shuleni tukaamini kwamba hii ndiyo kazi tutakayokuja kufanya.

Aprili 2019 Jumia iliuza hisa New York kwa dola 14.50 kila moja, na siku ya kwanza bei ikapanda hadi zaidi ya dola 25. Novemba mwaka huo huo ikafunga shughuli zake Kamerun na Tanzania. Miezi saba tu! Mfanyabiashara wa Kariakoo aliyekuwa ameweka bidhaa pale hakuwa amekosea lolote. Uamuzi ulifanywa na watu waliokuwa wakiangalia hesabu za bara zima, na yeye alikuwa mstari mmoja katika hesabu hizo.

OLX ilifuata njia tofauti. Ilifunga ofisi yake ya Nairobi mwaka wa 2018, na mwaka wa 2019 Jiji ya Nigeria ikainunua OLX katika nchi tano, Kenya ikiwemo. Wewe muuzaji uliingia mkataba na mmoja, ukaamka uko kwa mwingine.

MIAKA YA KUFUNGA

Sky.Garden ndiyo habari inayonigusa zaidi, kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama shangazi: duka dogo linaloendeshwa kwa simu. Mwaka wa 2022 ilitangaza kwamba inafunga. Kabla mwaka haujaisha ikanunuliwa na Lipa Later, kampuni ya kukopesha wanunuzi, na watu wakashusha pumzi. Machi 2025 Lipa Later yenyewe ikawekwa chini ya msimamizi wa ufilisi. Aliyekuja kuokoa naye akazama.

Copia ilikuwa imepata dola milioni 50 kutoka kwa wawekezaji Januari 2022. Mwaka wa 2023 ikasimamisha kazi Uganda, na Mei 2024 ikawa chini ya wasimamizi. Jumia nayo ilifunga huduma yake ya chakula mwishoni mwa 2023, Kenya ikiwa mojawapo ya nchi hizo, ingawa duka lake la bidhaa liliendelea.

Siandiki haya kwa kejeli. Kupeleka kifurushi cha shilingi 600 kutoka ghalani hadi nyumba isiyo na namba huko Kariobangi ni kazi ghali, na mteja akisema "rudisha, sikupenda rangi", gharama inakuwa mara mbili. Mtaji wa wawekezaji ulikuwa ukiziba pengo hilo. Riba za dunia zilipopanda mwaka wa 2022, mtaji ulipungua na pengo likaonekana.

SHERIA INASEMAJE?

Hapa ndipo nilipokaa usiku mbili. Mimi si wakili, lakini kusoma sheria kunafanana na kusoma msimbo wa mtu mwingine: unafuata pesa zinapoingia na zinapotokea.

Shilingi ikiwa kwenye M-Pesa yako, inalindwa. Pesa za wateja huwekwa kwa amana katika benki, mbali na mali ya kampuni ya simu, na kanuni za malipo za Kenya zinadai hivyo. Sasa mteja wa Donholm analipia mapazia kupitia namba ya malipo ya jukwaa. Amana ile bado ipo, ila mwenye hiyo shilingi amebadilika: sasa ni jukwaa. Shangazi ana deni tu, ahadi ya kulipwa wiki ijayo.

Jukwaa likianguka, Sheria ya Ufilisi ya 2015 inapanga foleni. Wenye dhamana juu ya mali mahususi wanachukua mali yao. Kisha kuna gharama za ufilisi, mishahara ya wafanyakazi kwa kiwango kilichowekwa, na kodi. Wadai wasio na dhamana wako nyuma kabisa, na shangazi ni mmoja wao. Kampuni ikiwa chini ya msimamizi, huwezi hata kuishtaki bila idhini ya msimamizi au ya mahakama.

Wakenya tulishaona foleni hiyo kwa Nakumatt. Iliwekwa chini ya msimamizi Januari 2018, na miaka miwili baadaye wadai wakapiga kura ifungwe, ikiwa inadaiwa mabilioni ya shilingi. Waliopeleka maziwa na unga wakisubiri kulipwa baadaye walikuwa mahali pale pale alipo muuzaji wa mtandaoni leo. Tofauti ni kwamba wao walijua wanakopesha. Shangazi hakujua kwamba kila oda aliyotuma ilikuwa mkopo kwa jukwaa.

Na wateja je? Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kupata data zake na kuzihamisha. Nilifurahi, kisha nikasoma tena. Haki hiyo ni ya mtu juu ya data zake mwenyewe. Namba ya mteja ni data ya mteja, kwa hiyo shangazi hawezi kuidai kwa jukwaa kwa sheria hii. Na akianza kuandika namba za wateja mwenyewe, naye ana wajibu wa kuzitunza, hata kama biashara yake ni ndogo kiasi cha kutolazimika kujiandikisha kwa Kamishna wa Data.

Kuna pia Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012, yenye vifungu juu ya mikataba ya intaneti, na ile ya bidhaa bandia ya 2008. Hizo zinamlinda zaidi mnunuzi na mwenye chapa. Muuzaji mdogo anategemea karatasi moja: masharti yale niliyobonyeza bila kusoma.

"BASI TUJENGE YETU"

Najua wenzangu wa kompyuta mtasema hivyo. Nami nilisema. Lakini hatari hapo haiishi, inahama. Ukikodi duka kwa Shopify unalipa kwa dola. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa karibu shilingi 123, na kufikia mwisho wa mwaka ilikaribia 157. Mapazia hayakupanda bei hivyo. Ukitumia programu huria kama WooCommerce, duka ni lako na nakala ya hifadhidata ni yako, ila sasa kuna mtu lazima alipie seva, azibe matundu ya usalama na aamke usiku ikizimika. Kwa shangazi, mtu huyo ni mimi. Nikihama au nikiugua je? Mpwa pia ni jukwaa linaloweza kufunga.

NILICHOMJIBU

Nilirudi Kayole na karatasi moja. Nilimwambia asiulize kwanza jukwaa lina wateja wangapi, aulize haya:

1. Mteja akilipa, pesa zinaingia kwa nani, na zinanifikia baada ya siku ngapi? Kama kuna njia ya kulipwa kwenye till yako, chagua hiyo hata kama ada ni kubwa kidogo.

2. Mkataba unasema pesa zangu zimewekwa kwa amana katika akaunti ya pekee, au haisemwi? Kama haisemwi, hesabu kwamba unakopesha.

3. Kiasi kilichoko kwao wakati wowote kikipotea, bado nitalipa chama? Kikizidi hapo, punguza oda.

4. Naruhusiwa kuweka kadi yenye jina na namba yangu ndani ya kifurushi? Mteja akipiga mwenyewe kwa hiari yake, huyo ni wako.

5. Jukwaa likiuzwa au likifungwa, mkataba unanipa notisi ya siku ngapi?

Shangazi alisoma polepole, akavua miwani. "Kwa hiyo hawa ni wa kunitangazia tu," akasema. "Kama bango."

Nikamwambia ndiyo, shangazi, bango zuri, lakini usilale na pesa zako chini ya bango.

Alichukua nusu ya mkopo aliokuwa ameupanga. Amefungua duka kwenye jukwaa hilo jipya kwa aina tatu tu za mapazia, na kila Ijumaa anaandika kwenye daftari kiasi wanachomdai na kiasi anachowadai. Daftari hilo la kurasa 96 linajua mambo ambayo mimi na digrii yangu hatukuyapima mara ya kwanza. Zile 31,000 nimeanza kumlipa kidogo kidogo. Anakataa, lakini nazituma tu.

Kama nawe umewahi kuuza kupitia jukwaa lililofunga, niandikie ulichopata na ulichopoteza. Ni hayo tu kwa leo.