Mlima Rungwe: kutembelea hifadhi kwa gari binafsi

Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe iko mkoani Mbeya, kaskazini mwa mji wa Tukuyu. Ilipandishwa hadhi kutoka msitu wa kawaida wa hifadhi mwaka 2009, na inasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 136. Mlima wenyewe ni volkeno iliyolala, na kilele chake kina urefu wa mita 2,960 hivi. Anayekwenda na gari lake ajue mapema kwamba humo hakuna barabara za kuzungukia wanyama kama za Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Gari humfikisha ukingoni mwa msitu, na kuanzia hapo ni miguu. Ratiba basi ipangwe kwa kuhesabu saa za kupanda na kushuka mlima; kilomita za barabarani zije baadaye.

Wengi huvutwa na kipunji, nyani wa kahawia mwenye kishungi kichwani. Wawindaji wa vijiji vya jirani walimfahamu tangu zamani. Watafiti wakiongozwa na Tim Davenport walimthibitisha mwaka 2003, na kikundi kingine kikamkuta mwaka uliofuata katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, bila vikundi hivyo viwili kujuana. Mwaka 2005 alitangazwa kuwa spishi mpya, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, *Rungwecebus*. Sensa iliyochapishwa mwaka 2008 ilihesabu kipunji 1,117 tu. Huishi juu mitini na humkwepa binadamu, hivyo mgeni wa siku moja anaweza kushuka bila kumwona. Asilaumu mwongozaji. Mbega, kima, ndege na miti mikubwa iliyofunikwa kuvu na kangaga vinatosha kuilipa safari. Minde, swala adimu wa misitu ya milimani, naye yumo, ingawa kumwona ni bahati kubwa zaidi.

Kwa anayeanzia safari Iringa, hadi Mbeya ni mwendo wa takriban kilomita 330 kwa lami, kupitia Mafinga, Makambako, Igawa na Chimala. Hii ndiyo barabara kuu ya malori yaendayo Zambia, na uchovu wa dereva ni hatari kuliko ubovu wowote wa njia. Vijijini mwendo usizidi kilomita 50 kwa saa. Askari wa usalama barabarani wapo, na watoto wanaovuka wapo pia. Mteremko wa Inyala, kabla ya kufika Uyole, umeua watu wengi kwa malori yaliyokatika breki: shuka kwa gia nzito na usibanane na lori, liwe mbele yako au nyuma. Usiku usiendeshe kabisa. Ni heri kulala Mafinga au Makambako kuliko kuing'ang'ania Tukuyu gizani.

Uyole, dereva atokaye Iringa hukata kushoto. Jaza mafuta hapo. Barabara hupanda milima ya Uporoto hadi Isyonje, mahali penye ukungu unaoweza kuficha gari la mbele hata saa nne asubuhi, kisha huteremka kupitia Isongole na Kiwira. Njia mojawapo ya kupandia mlima huanzia upande wa Shule ya Sekondari Rungwe, jirani na misheni ya Wamoraviani iliyoanzishwa mwaka 1891. Kupanda na kurudi huchukua hadi saa kumi, kwa hiyo mtu alale Tukuyu na aanze kukipambazuka.

Miezi inayofaa ni Juni hadi Oktoba. Wilaya ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kabisa nchini, na masika njia za vijijini huwa tope jekundu linalotelezesha hata gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Beba tairi la akiba lenye upepo, jeki, kamba ya kuvutia, pembetatu za tahadhari na kizima moto. Juni na Julai baridi ni kali, koti ni lazima. Kibali na mwongozaji vitafutwe siku moja kabla katika ofisi ya TFS. Ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, kupitia simu au benki, na viwango vya raia na wageni hutofautiana. Acha gari mahali mwongozaji atakapokuelekeza, palipo na mtu wa kuliangalia.

Mwenye siku ya ziada arudi Isyonje na kushika njia ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake. Lakini maua hayo huchanua wakati wa mvua, hasa kati ya Desemba na Aprili, ilhali Rungwe hupandika vizuri wakati wa kiangazi. Safari moja haikidhi yote mawili, na anayelazimika kuchagua aanze na msitu. Kwa wakazi wa Iringa, msitu wa Ndundulu hufikiwa kupitia kijiji cha Udekwa, wilayani Kilolo. Huko nako kipunji yupo, na mwendo wa miguu ni mrefu zaidi, wa kulala porini.