Kushuka Nchi Kavu: Bwana na Bibi Brassey katika Safari ya Sunbeam, 1876–1877

Wanaochunguza maandishi ya safari wamezoea kuuliza msafiri alikwenda wapi na alirudi na nini. Ni mara chache wanapouliza alikaa huko muda gani. Swali hilo la muda ndilo linaloongoza makala haya, kwa sababu iko aina ya safari ambayo msafiri hatoki nyumbani kwake kamwe: nyumba yenyewe ndiyo inayosafiri baharini, na nchi za watu huziona kwa kushuka tu, kwa saa chache au siku chache, kisha hurudi chomboni kulala kitandani pake.

Kiswahili hakikuwa na haja ya neno moja kwa jambo hili. Tunayo maneno ya kutia nanga, kushuka pwani, kungoja msimu. Lakini yote yalizaliwa katika biashara, na biashara ilikuwa na subira. Mwenye jahazi aliyefika Unguja kwa kaskazi hakuweza kurudi Uarabuni mpaka kusi ianze kuvuma. Miezi ikapita. Akajifunza bei, akajifunza lugha, na si mara moja wala mbili akaoa. Mvuke ndio uliovunja kungoja huko, na pamoja na mvuke akaja mgeni wa namna mpya, ambaye pwani kwake si mahali pa kukaa bali ni mahali pa kutazama. Kwa kukosa jina bora tutasema matembezi ya nchi kavu.

Mfano tunaouchukua ni wa mume na mke Waingereza, Thomas na Annie Brassey. Walioana mwaka 1860. Mume alikuwa mbunge wa Hastings tangu 1868. Baba yake, aliyeitwa pia Thomas Brassey, alikuwa mkandarasi mkubwa wa reli aliyejenga njia za garimoshi katika nchi nyingi, na alipofariki mwaka 1870 aliacha mali ya zaidi ya pauni milioni 5. Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba bila reli za baba, pasingekuwa na matanga ya mwana. Chombo chao, Sunbeam, kilishushwa majini mwaka 1874: merikebu ya milingoti mitatu yenye matanga, pamoja na mashine ya mvuke ya kusaidia pale upepo unapokufa. Jina lake, maana yake mwali wa jua, lilikuwa la kumbukumbu ya binti yao Constance, aliyefariki mwaka 1873 akiwa mtoto mdogo.

Waliondoka Uingereza Julai 1876, watu 43 ndani ya chombo, wakiwemo watoto wao, marafiki, mabaharia na watumishi, wakarudi Mei 1877 baada ya kuizunguka dunia. Mwaka 1878 bibi alichapisha kitabu, A Voyage in the Sunbeam, kilichotolewa tena na tena na kutafsiriwa katika lugha nyingine. Huenda ni kitabu kilichowafundisha watu wengi wa Ulaya, kuliko kingine cha wakati wake, namna ya kuwa wageni wa siku moja.

Jambo la kwanza linalomshangaza msomaji ni mgawanyo wa kazi kati ya wawili hao. Bwana alikuwa mtu wa bahari hasa. Alikuwa na cheti cha unahodha, jambo lisilo la kawaida kwa tajiri mwenye chombo chake, na moyo wake ulikuwa katika upepo, makaa ya mawe na hesabu za masafa. Katika kitabu cha mkewe yeye alichangia majedwali. Bibi alikuwa kinyume chake. Bahari ilimtesa. Mawimbi yalipokuwa makubwa alilala hoi kwa kichefuchefu, na afya yake kwa jumla haikuwa ya kutegemewa. Basi mke huyu alikubali kukaa miezi kumi na moja mahali panapomwumiza ili ashuke mahali panapomfurahisha. Kutoka Valparaiso hadi Tahiti walisafiri zaidi ya mwezi mmoja. Alipofika pwani alikuwa kama mfungwa aliyefunguliwa mlango: anaamka kabla ya jua, anakwenda sokoni, anapanda farasi, anapiga picha, anaandika mpaka usiku. Wepesi wa kurasa zake, ambao wahakiki wengine wameuona kuwa ni wepesi wa akili, mimi nauona kuwa ni wepesi wa mtu aliyepata nafuu.

Lakini macho ya mtu aliyepata nafuu yanaona nini? Tuanze na Brazili, ambako Sunbeam ilifika Agosti 1876. Bandari ya Rio de Janeiro ilisifiwa na kila mgeni kwa uzuri wa milima yake, na Bibi Brassey hakuwa tofauti. Utumwa, hata hivyo, ulikuwa bado halali katika nchi ile. Sheria ya 1871 ilikuwa imewapa uhuru watoto waliozaliwa na mama watumwa tangu siku hiyo, lakini mama wenyewe walibaki katika kongwa hadi 1888. Kwa sisi tunaosoma habari hizi tukiwa Kongo, ukurasa wa Rio hauwezi kuwa ukurasa wa mandhari tu. Wengi wa waliobeba mizigo na kuuza matunda katika mitaa ile walikuwa ama wametoka Kongo na Angola, ama ni watoto na wajukuu wa waliotoka huko. Wengine walitoka Msumbiji, upande wa bahari yetu ya Hindi.

Hapa inafaa kutaja gati la Valongo. Lilijengwa mwaka 1811 kwa kupokelea mateka kutoka Afrika. Mwaka 1843, alipokuwa anakuja bibi arusi wa mfalme, Teresa Cristina, mawe ya gati hilo yalifunikwa kwa mawe mapya, na mahali pakaitwa Gati la Malkia. Mgeni aliyeshuka Rio mwaka 1876 hakuweza kuyaona mawe ya chini, kwa kuwa yalikuwa yamezikwa kwa makusudi. Yalifukuliwa mwaka 2011, na mwaka 2017 mahali hapo pakaingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO. Sitaki kumlaumu Bibi Brassey kwa kutoona kilichokuwa chini ya ardhi. Nataka tu kuonyesha kwamba matembezi ya nchi kavu humpa mgeni tabaka la juu la mahali, na kwamba mara nyingi tabaka hilo limepangwa kwa ajili ya mgeni mwingine aliyemtangulia, mwenye cheo zaidi.

Mwezi uliofuata, Septemba 1876, karibu na pwani za Patagonia, mambo yaligeuka. Waliona merikebu ya Kiingereza, Monkshaven, iliyotoka Swansea na shehena ya makaa ya mawe kwenda Valparaiso. Makaa yalikuwa yameshika moto ndani ya ngama. Watu wake 15 walichukuliwa wote ndani ya Sunbeam, wakakaa humo mpaka walipohamishiwa katika meli ya abiria iliyokutwa huko mbele, katika mlango-bahari wa Magellan. Kwa siku hizo chache si wao Brassey waliokuwa wageni. Walikuwa wenyeji, tena wenyeji wenye nyumba iliyojaa. Ni sehemu bora ya kitabu. Nadhani ni kwa sababu watu hawa, japo maskini, walikuwa na historia ambayo bibi aliweza kuiuliza na kujibiwa kwa lugha yake.

Tofauti inaonekana upesi. Katika mlango-bahari huohuo wa Magellan walikutana na mtumbwi wa wenyeji wa Tierra del Fuego. Watu wa mtumbwi walikuwa wameshazoea meli zinazopita, na walijua maneno mawili ya Kihispania ya kuwaitia wageni: la tumbaku na la biskuti. Wakapewa vitu hivyo, nao wakatoa ngozi walizojifunika, katika baridi ya nchi ile. Bibi Brassey aliwahurumia kwa dhati. Hilo halina shaka. Lakini mwanaisimu akisoma kisa hiki hawezi kuacha kuhesabu. Maneno mawili! Wakati huohuo, upande wa kusini wa visiwa hivyo, pale Ushuaia, mmisionari Mwingereza Thomas Bridges alikuwa ameishi tangu 1871 miongoni mwa Wayaghan, majirani wa watu wa mlango-bahari, akikusanya kamusi ya lugha yao. Hati aliyoiacha ina maneno zaidi ya 30,000. Mgeni aliyetia nanga jioni moja aliona watu wasio na kitu. Mgeni aliyekaa aliona watu wenye majina ya kila aina ya theluji, undugu na mwendo wa maji. Wala tusisahau kwamba wote wawili walikuja na dunia ileile: katika miaka iliyofuata watu wa mitumbwi walipungua sana kwa maradhi yaliyoletwa na wageni, wa siku moja na wa miaka mingi.

Kuhusu Tahiti na Hawaii sitachelewa, ingawa kurasa zake ndizo zilizopendwa zaidi. Karibu na Krismasi ya 1876 walipanda farasi kutoka Hilo hadi volkano ya Kilauea, wakatembea juu ya lava iliyokwisha kuganda, wakasimama mbele ya ziwa la moto. Msomaji wa Goma atakuwa na lake la kusema kuhusu raha ya kuitazama lava. Kwa mgeni wa chombo, volkano ni ya kutazama usiku mmoja. Anayelima shamba chini yake hana chombo kinachomngoja bandarini.

Japani inahitaji maneno zaidi kidogo. Tarehe 5 Februari 1877 Mfalme Meiji, kijana wa miaka 24, alifungua reli ya Kobe hadi Kyoto, na akina Brassey walikuwapo. Fikiri: mwana wa mjenzi wa reli amesimama upande wa pili wa dunia, anatazama kazi ileile iliyoitajirisha nyumba yake ikizinduliwa kwa sherehe za kifalme. Majuma yaleyale, kusini mwa nchi, Saigō Takamori na askari wa ukoo wa Satsuma walikuwa wanaingia katika uasi uliodumu hadi Septemba. Mashujaa wa zamani, samurai, walikuwa wamekatazwa kubeba panga hadharani na kunyimwa posho zao mwaka 1876. Nyumba zao zikauza mali za mababu. Wageni waliozunguka maduka ya vitu vya kale siku hizo walinunua vizuri, na Bibi Brassey alikuwa mnunuzi hodari. Bei nafuu dukani ilikuwa habari ya siasa, lakini habari hiyo haikuandikwa juu ya bidhaa.

Walipita Hong Kong, Singapore, Ceylon na Aden, kisha mfereji wa Suez, uliofunguliwa 1869. Katika njia hiyohiyo ya Aden na Suez, Sultani Barghash bin Said wa Unguja alikuwa amepita mwaka 1875 kwenda London, alikopelekwa huku na huko kuonyeshwa mambo. Safari yake iliandikwa na Zahir bin Said kwa Kiarabu, na kitabu kikatoka 1878, mwaka uleule wa kitabu cha Sunbeam. Pwani, basi, zilitazamana. Tofauti ni kwamba Sultani alikuwa na shauri zito mikononi na alisafiri bila wake zake, ilhali akina Brassey walisafiri wawili, bila shauri lolote ila kuona.

Jambo linalonikera katika kitabu cha Bibi Brassey ni watu wa pembeni: wabeba mizigo, waongozaji, wapiga makasia, wavuta rikisho. Wanatokea, wanafanya kazi, wanalipwa, wanatoweka, na wengi hawana hata jina. Sisi wa Kiswahili tunayo bahati ya kuweza kulinganisha. Katika mkusanyo wa Safari za Wasuaheli, uliotolewa na Carl Velten mwaka 1901, Selim bin Abakari, aliyefuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia, anasimulia safari hiyo mwenyewe. Mtumishi ameshika kalamu. Ukisoma maandishi hayo mawili bega kwa bega, utaona kwamba Selim naye anahesabu bei, anashangaa baridi, anawatazama wenyeji kwa mbali. Haraka ya safari inampata mtumishi kama inavyompata bibi. Lakini Selim anajua nani amebeba sanduku.

Akina Brassey waliendelea kusafiri. Mwaka 1886 bwana alipewa cheo cha Baron, na safari ya mwisho ikawapeleka India, Borneo na Australia. Afya ya Annie ilikuwa imeharibika kwa homa za mara kwa mara, lakini aliendelea kushuka kila palipowezekana. Alifariki ndani ya Sunbeam tarehe 14 Septemba 1887, baada ya kuondoka Port Darwin, akiwa na umri wa miaka 47, na siku hiyohiyo alizikwa baharini. Hapakuwa na pwani karibu.

Vitu alivyonunua bandarini viko leo katika jumba la makumbusho la Hastings. Kitabu chake cha mwisho, The Last Voyage, kilitoka 1889. Shajara yake inakoma kabla ya siku ya kifo, na sehemu iliyobaki ya safari ilikamilishwa na mumewe, kwa masafa, upepo na tarehe.