Hati ya Kiwanja Inaishia Wapi?

Katika semina ya juma lililopita mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa visiwa vya Ziwa Victoria, alitueleza habari ya kijijini kwao. Mwenye kiwanja cha ufukweni amejenga gati la mashua yake, akazungusha seng'enge pande zote mbili hadi ndani ya maji. Kina mama waliokuwa wakipokea dagaa kwenye mwalo ule sasa huzunguka nyuma ya kiwanja na beseni vichwani. Mwenye mali akiulizwa, huonyesha hati. "Mwalimu," akauliza kijana, "hati hiyo inaishia wapi?"

Swali hilo lina historia ndefu. Wanasheria wa Roma walioandika kwa amri ya Kaisari Justinian katika karne ya 6 waliitaja bahari na fukwe zake kuwa mali ya wote. Lakini kesi iliyoufanya mjadala huu uingie mahakamani kwa nguvu, na ambayo ningependa kila ofisa ardhi aifahamu, ilitokea Chicago, kando ya Ziwa Michigan.

Mwaka 1852 mawimbi yalikuwa yakiula ufuko wa mji huo, na mji haukutaka kubeba gharama ya ukuta. Kampuni ya reli ya Illinois Central ikaruhusiwa kupitisha njia yake ndani ya ziwa, juu ya nguzo, kwa sharti kwamba ijenge kinga ya mawimbi. Yaonekana mji ulipata ukuta wa bure. Kumbe ulikuwa umemweka mgeni baina yake na maji. Miaka 17 baadaye, mwaka 1869, bunge la jimbo la Illinois likapitisha sheria ya kuipa kampuni hiyo hiyo zaidi ya ekari 1,000 za ardhi iliyo chini ya maji, kiasi cha maili moja kuelekea ziwani, yaani karibu bandari yote ya nje ya mji. Gavana John M. Palmer alikataa kuitia saini. Wabunge wakaipitisha tena bila yeye. Mwaka 1873 bunge lililofuata likaifuta sheria hiyo. Kampuni ikadai kwamba kilichokwisha kutolewa hakirudishwi.

Shauri lilifika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 1892. Majaji wawili walijitoa: Jaji Mkuu Melville Fuller alikuwa wakili katika shauri hilo hilo lilipokuwa mahakama ya chini, na Samuel Blatchford alikuwa na hisa katika kampuni. (Nawaomba watumishi wa umma waisome sentensi hiyo mara mbili.) Saba waliobaki wakagawanyika, wanne kwa watatu. Hukumu ya walio wengi iliandikwa na Stephen Field, mtu asiyejulikana hata kidogo kwa kuwatetea wanyonge. Sifa yake ilikuwa kulinda mali na makampuni. Hata hivyo Field alisema kwamba ardhi iliyo chini ya maji ya ziwa ni amana. Jimbo linaishika kwa niaba ya watu ili wasafiri, wafanye biashara na kuvua bila kuzuiwa na mtu binafsi. Mdhamini hawezi kuiuza amana nzima, kama vile serikali isivyoweza kuuza kazi yake ya kulinda usalama.

Wanaharakati wengi huishia hapo wanapoitaja kesi hii, nao hukosa sehemu inayohusu gati. Field hakupiga marufuku gati. Alisema mwenye ardhi inayopakana na maji ana haki ya kuyafikia, na aweza kujenga gati hadi penye kina cha kutosha vyombo kuelea. Serikali nayo yaweza kutoa vipande vya ardhi ya chini ya maji kwa ajili ya gati, mradi maslahi ya umma katika maji yanayobaki yasidhurike kwa kiasi kikubwa. Magati ya kampuni yenyewe yalirudishwa kupimwa, na mwaka 1902 mahakama hiyo ikakubali kwamba hayakuvuka mpaka huo. Kwa hiyo kampuni ilipoteza ziwa ikabaki na magati yake.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo. Gati ni njia ya kuyafikia maji. Halimfanyi mwenye gati kuwa mwenye maji. Hata namna ya kujenga ina uzito wake. Gati la nguzo huacha maji, mchanga na samaki vipite chini yake. Gati la kujaza mawe na kifusi huumba nchi kavu mpya, na nchi kavu haikawii kutafutiwa hati.

Wazo la amana si geni kwetu. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 237, inaitaka serikali ishike maziwa ya asili kwa niaba ya wananchi na kuyalinda. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 62, inayaweka maziwa katika ardhi ya umma. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya 1999 inamfanya Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa ziwa. Hapo pana fundo: gati haliwezi kujengwa pengine ila ndani ya mita hizo 60. Kila gati, basi, linahitaji mtu ofisini aseme ndiyo, na "ndiyo" hiyo huandikwa mahali ambapo mvuvi hakai.

Nilimjibu kijana kwamba hata gati likiwa na kibali halali, seng'enge iliyoingia majini ni jambo jingine kabisa. Nikamkumbusha pia kwamba huko Chicago, tangu 1890, mfanyabiashara Montgomery Ward aliwashtaki wakuu wa mji kwa miaka 20 kuhusu majengo ya ufukweni, na silaha yake kubwa ilikuwa maneno yaliyoandikwa kwenye ramani ya 1836, kwamba eneo lile libaki wazi kwa umma. Ward hakuwa mtakatifu. Duka lake lilitazama ziwa.

Kijana amekwenda kuomba nakala ya ramani ya upimaji ya kijiji, ile ya kabla kiwanja hakijatolewa. Tutatazama kama mwalo umechorwa, na njia ya kuufikia inapita wapi.