Kanisa Lililofichwa Darini: Wakatoliki wa Amsterdam na Imani Isiyozimika



Wageni wengi wanaofika Amsterdam, mji mkuu wa Uholanzi, hupanda mashua ili waitazame mifereji yake. Hatuwalaumu, kwa maana mji ule ni wa kustaajabisha. Umejengwa katika ardhi tepetepe, na nyumba zake za kale zimesimama juu ya nguzo za mbao zilizopigiliwa chini mpaka kwenye mchanga mgumu. Ikulu ya Kifalme, ambayo zamani ilikuwa makao ya utawala wa mji, inabebwa na nguzo 13,659. Mifereji mikubwa ya Herengracht, Keizersgracht na Prinsengracht ilianza kuchimbwa mwaka 1613, na mwaka 2010 eneo hilo liliingizwa katika Urithi wa Dunia. Hata hivyo, kwa sisi wana wa Kanisa, kando ya mifereji hiyo imeandikwa historia nyingine, tena yenye mafundisho makubwa.

Amsterdam ulikuwa mji wa mahujaji. Inasimuliwa kwamba mwaka 1345 mgonjwa mmoja alipokea Ekaristi Takatifu, akatapika, na matapishi yakatupwa motoni. Hostia ikaonekana nzima, haikuungua. Kikanisa kilijengwa mahali pale, na waamini wakawa wanafanya maandamano ya kila mwaka kuuenzi muujiza huo.

Tarehe 26 Mei 1578 mambo yalibadilika. Wakalvini walitwaa utawala wa mji. Viongozi Wakatoliki, pamoja na watawa na makleri, walipakiwa katika mashua wakaondolewa mjini. Makanisa yakawa ya Waprotestanti, na ibada ya Kikatoliki ya hadharani ikapigwa marufuku. Haki inatudai tuseme pia kwamba mwaka 1535, mji ulipokuwa bado chini ya Wakatoliki, Waanabaptisti waliuawa humo kwa sababu ya ghasia na ya imani yao. Mwenye nguvu jana aliweza kuwa mnyonge leo. Historia ya namna hiyo haitupi nafasi ya kujivuna.

Je, imani ilikufa? La hasha. Ilihamia majumbani. Watawala walifumba macho, mradi nje kusionekane dalili yoyote ya kanisa, na mara nyingi maofisa walilipwa fedha ili waendelee kuyafumba. Mwaka 1661 mfanyabiashara Mkatoliki, Jan Hartman, alinunua nyumba moja iliyotazama mfereji wa Oudezijds Voorburgwal, pamoja na nyumba mbili zilizokuwa nyuma yake. Aliziunganisha, na kufikia mwaka 1663 sehemu za juu za nyumba zote tatu zilikuwa kanisa moja. Kwa nje ni nyumba ya tajiri kama zile za jirani. Ndani, ukipanda ngazi nyembamba, unakuta altare na roshani za waamini pande mbili. Mimbari yake ilitengenezwa ifichwe ndani ya nguzo ya altare, na kuvutwa nje wakati wa mahubiri. Kanisa hilo huitwa Ons' Lieve Heer op Solder, yaani Bwana Wetu Mpendwa Darini.

Misa iliadhimishwa humo kwa zaidi ya miaka 200. Usawa wa dini ulitangazwa mwaka 1796, na mwaka 1853 Uholanzi ikapata tena maaskofu wake. Kanisa la darini liliachwa mwaka 1887, lilipokamilika kanisa kubwa la Mtakatifu Nikolao, na mwaka uliofuata likawa makumbusho. Lakini hata wakati huo maandamano ya kidini barabarani yalikuwa bado yamezuiliwa. Ndipo mwaka 1881 walei wawili walipoanza kuipita njia ya zamani ya maandamano bila bendera, bila mishumaa, bila wimbo, wakisali kimya. Desturi hiyo ingali hai: kila mwezi Machi mahujaji hutembea usiku katikati ya mji, kimya.

Wapendwa, tutazame ni nani waliouhifadhi urithi huu. Hartman hakuwa padre. Alikuwa mlei mwenye nyumba. Wale wawili wa mwaka 1881 nao walikuwa walei. Padre alihitaji mtu wa kumfungulia mlango, na mtu huyo alipatikana. Sisi tunaosali katika Jumuiya Ndogo Ndogo, nyumba kwa nyumba, tumo katika njia hiyo hiyo. Kengele zetu zinalia hadharani, na hakuna anayetuzuia. Basi tujiulize: kama kengele zingenyamazishwa, je, nyumba zetu zingeweza kuwa kanisa? Au kinachotusukuma Jumapili ni sauti ya kengele tu?

Na jirani anayesali tofauti nasi, je, tunamwachia nafasi ambayo Wakatoliki wale waliililia kwa karne mbili?

Tumwombe Mungu atujalie imani isiyotegemea kuta, na moyo usiomfukuza mtu yeyote. Amina.